Maandishi ya Penseli Nyuma ya Kadi

Siku ya kwanza Harlan Dubik aliposimama mbele ya meza ya Rhonda Machuga, alichunwa mchana kweupe. Lilikuwa gulio la kadi za besiboli, zile zenye sura ya mchezaji mbele na maelezo yake nyuma, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa huko Youngstown, mwaka wa tisini na nne. Harlan alikuwa na miaka hamsini na ushei, na mabega ya mtu aliyefanya kazi ya tanuru mpaka kiwanda cha chuma kikafungwa. Alichomoa kadi ya mdakaji wa zamani asiyekumbukwa na mtu, Orrin Kessel, akaigeuza nyuma kabla hata ya kuitazama sura, na macho yakamng'aa. Rhonda aliyaona hayo macho. Kadi ya dola mbili ikawa ya dola tisa.

“Tisa? Kwa huyu aliyekuwa akidaka mipira kwa meno?”

“Kama hana maana, si umwache?”

Harlan hakumwacha. Alilipa. Rhonda, aliyeanza biashara na sanduku moja la kadi aliloachiwa na mume mtoro, akamtupia neno huku akizikunja noti.

“Mzee, nikupe somo, na hili sitozi. Ukipenda kitu mezani kwangu, jikaushe. Ukinionyesha meno, nayang'oa.”

“Nimesikia, mama.”

Alisikia kweli. Balaa lilianzia hapo.

Alichokitafuta Harlan hakikuwa Kessel wala mchezaji mwingine yeyote. Alikuwa na kaka, Tad, aliyemzidi miaka kumi. Vijana wa zama zile mchezaji akihamishwa timu walikuwa wakiandika jina la timu mpya kwa penseli nyuma ya kadi yake, kadi isije ikawa mwongo. Tad aliandika timu, kisha akaongeza maneno ya kumchokoza mdogo wake, aliyempa jina la Karanga. Mwaka wa hamsini akaenda vitani Korea. Hakurudi, wala mwili haukurudi. Mama yao hakuweza kulitazama lile sanduku la viatu lenye kadi. Siku moja Harlan akiwa shule, mama akalitoa kwenye mnada wa parokia. Barua za Tad mama alizikwa nazo. Picha iliyobaki ni moja, na ndani yake Tad ameupa jua kisogo, uso umekuwa kivuli. Kwa hiyo miaka arobaini na zaidi Harlan alizunguka magulio akigeuza kadi nyuma, akitafuta mwandiko. Kwenye ile ya Kessel palikuwa na penseli, lakini alipofika nyumbani na kuvaa miwani aliona ni mkono wa mtoto mwingine.

Rhonda hakuyajua hayo. Yeye alikuwa na mafungu yake ya wateja. Wapo waliodhani watatajirika, na hao aliwapenda, maana walinunua bila kufikiri. Wapo waliotaka kukamilisha seti, wamebakiza kadi moja, hawalali. Waliobaki walikuwa na hadithi ileile, kwamba mama alitupa sanduku, na leo wananunua upya walichotupiwa. Harlan, ambaye sasa alikuja kila mwezi na uso mkavu kama ubao, akigeuza, akirudisha, akitoka mikono mitupu, Rhonda alimtia kwenye fungu la mabahili.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Ndipo Rhonda alipoitwa mji wa jirani, Struthers, na binti mmoja aliyekuwa akisafisha dari la marehemu mama yake. Sanduku la viatu. Kadi arobaini na moja, kona kali, rangi hai, ila nyuma zote zimeandikwa kwa penseli. Penseli huiua bei. Rhonda alinunua kwa bei ya kadi zilizokufa, akaenda nazo nyumbani kuzifufua.

Kwa siku tatu alikaa kwenye meza ya jikoni na kifutio laini, akisugua polepole. Palipobaki mifereji ya herufi alipitisha kitambaa chenye unyevu, akazilaza kadi chini ya vitabu vinene vya simu mpaka karatasi ikasawazika. Kazi hiyo haisemwi hadharani. Mnunuzi huuziwa kama kadi safi. Rhonda hakujiuliza sana. Kwake penseli ilikuwa uchafu. Mbili tatu alizisoma kabla ya kuzifuta. Moja ilisema: Karanga, huyu anapiga kama shangazi Wanda. Rhonda akacheka peke yake, akafuta.

Kadi moja ilimshinda. Mwandishi alikuwa ameikandamiza penseli mpaka karatasi imechanika. Akaitupa kwenye kapu la vitu vya bei ya kutupa.

Jumamosi Harlan akaja, akainama kapuni kama kawaida yake. Akageuza moja, ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu ilikuwa na penseli:

Karanga, hii usibadilishane na mtu mpaka nirudi.

“Hii imechorwachorwa,” akasema. Sauti ilikuwa kavu, somo alilishika.

“Ndiyo maana iko kapuni. Senti hamsini.”

“Ilikuja peke yake?”

Rhonda akanusa biashara. “Na wenzake arobaini. Wale kwenye kabati la kioo, lakini wale si wa mfuko wako, mzee.”

“Nitoe macho tu.”

Akampa. Harlan akageuza ya kwanza: nyeupe. Ya pili: nyeupe. Akaisogeza ya tatu kwenye taa, akaipindapinda apate hata kivuli cha herufi.

“Hizi zilikuwa na maandishi.”

“Punguza sauti, kuna wateja.”

“Nani kafuta?”

Rhonda alitaka kumkemea. Kisha akaona alivyoibana kifuani ile kadi ya kapuni.

“Karanga ni wewe?”

Harlan akaitikia kwa kichwa. “Ulizisoma?”

“Mbili tatu.”

“Zilisemaje?”

Rhonda akampa ya shangazi Wanda. Uso wa Harlan ukataka kucheka ukashindwa.

“Nyingine?”

“Sikumbuki. Nilikuwa kazini.” Akashika ukingo wa meza. “Mbona hukusema? Miaka miwili unanipekulia meza kama mwizi! Ungesema ningekuwekea.”

“Ungepandisha bei.”

Rhonda alifungua kinywa adanganye, akakifunga. “Ningepandisha,” akasema. “Lakini ungezipata.”

“Uliniambia nijikaushe, mama.”

Akaweka senti hamsini mezani. Rhonda akazisukuma zirudi, akamwambia achukue na zile arobaini kwa bei aliyonunulia. Neno hilo hakuwahi kumwambia mteja.

“Nizifanyie nini?” Harlan akasema. “Bila penseli hawa ni wanaume wa watu. Siwajui.”

Akaziacha senti zake pale, akatoka na kadi yake moja. Hakukanyaga tena gulio lolote.

Zile arobaini zilinunuliwa siku hiyohiyo na mtu wa Cleveland, bila ubishi, kwa fedha iliyoezeka upya paa la Rhonda. Harlan alipata kadi moja na sentensi moja ya mdomo.

Tangu hapo Rhonda akiletewa sanduku huanza na nyuma, husoma kila neno, hafuti. Na kila mteja humuuliza, “Unatafuta nini hasa?” Wao humtazama, wakakumbuka yeye ni nani, wakajikausha.

“Naangalia tu, mama.”