Saa Mia Sita za Kukaa Benchini

Tarehe 3 Machi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu kasorobo, mwanagenzi wa kuchomelea vyuma aliunganisha mabomba mawili katika mtihani wake wa mwisho. Mtahini alikikata kiungo, akakikunja, asione hata ufa mwembamba. Kilichobaki ni cheti tu.

"Binti, umepungukiwa na saa mia sita za mafunzo," karani wa chuo alimwambia.

"Kwani mzee, mafunzo haya mapya si yanapima ujuzi?"

"Yanapima, mwanangu. Kwa saa."

Basi, kwa bidii ya kupigiwa mfano, alikaa saa mia sita katika karakana iliyoishiwa vyuma, akisaini daftari kila asubuhi.

Mwaka mmoja baadaye cheti kilitoka. Kilimkuta kiwandani, akiwafundisha kuchomelea wenzake wawili waliotimiza saa na kupewa vyeti kabla yake.