Kofia ya Meneja

Kwa nini jua lile lile lilimpa meneja kofia na kumnyima shangazi yangu? Swali hilo nilikuwa nalo kabla sijajua kusoma, na hakuna mtu mzima katika kambi yetu ya wachuma chai, nje kidogo ya Kericho, aliyetaka kulijibu.

Hadi leo nikinusa majani mabichi ya chai yakinyauka, ni Shangazi Kemunto ninayemnusa. Alikuwa mdogo wa baba, albino, na shingo yake ilinukia majani hayo na mafuta ya mgando. Nililala mgongoni mwake asubuhi tukipanda shambani, huku wanawake wakimtania.

"Mzungu wetu, gari umeacha wapi leo?"

"Gereji," alijibu. "Na dereva amelewa."

Alijifunika leso hadi kwenye nyusi, lakini ukiinama kuchuma chai leso huteleza. Kufikia saa sita mashavu yake yalikuwa mekundu, na mdomoni alikuwa na kidonda kilichokataa kupona.

Siku moja alimwomba nyapara kazi ya kiwandani, kwenye ghorofa ya juu ambako majani yalitandazwa kivulini yanyauke. Nilikuwa nimeshika sketi yake.

"Huko ni wanaume," nyapara alisema. "Na macho yako ni mabovu. Mashine itakumeza."

"Jani changa naliona, nyapara. Mashine kubwa kama nyumba nitakosa kuiona?"

Wanawake walicheka. Nyapara hakucheka. "Kama jua ni kali, rudi kwenu Kisii."

Hapo nikamuuliza nyapara kwa nini meneja, yule Mzungu, huvaa kofia.

"Jua linamchoma, mtoto."

"Na shangazi?"

Alimtazama shangazi, akatazama kikapu chake, akaniambia niende nikacheze.

Kidonda kilipopanda hadi puani, nyapara alimwambia anawatisha wenzake, asije tena. Shangazi alipanda basi la Kisii akiwa ameniachia leso yake. Kwa muda mrefu nilikimbilia mlangoni kila mwanamke alipocheka njiani, na kila mara alikuwa mwingine. Kisha ikaja habari kwamba amezikwa.

Chuo kikuu kilinipa maneno ya haki za wafanyakazi, nami nikajitungia jibu: kofia zilikuwa ghali, na kampuni ilikuwa bahili. Jibu hilo niliweza kuishi nalo. Ubahili angalau haumchagui mtu.

Halafu likizo moja nikamkuta Mama Moraa, aliyekuwa akifua nguo nyumbani kwa meneja, tukaketi kumkumbuka shangazi. Nikamuuliza kuhusu kofia.

"Zile? Kampuni ilimletea mpya kila mwaka, bure, kwa ajili ya ngozi yake. Nilimwomba meneja moja kuukuu nimpe Kemunto. Akasema mfanyakazi hawezi kuonekana na kofia kama yake."

"Sasa kuukuu zilienda wapi?"

"Nilikuwa nazichoma mimi, mwanangu. Nyuma ya jikoni."