Mkasi, fundi aliyeunga sauti ya marehemu mkewe

Asubuhi imekucha, lakini ndani ya chumba cha kurekodia hakuna dalili yake. Madirisha yamezibwa kwa magodoro. Sauti ya mwanamke inatoka kwenye spika: "Look at me." Niangalie. Kisha inanyamaza. Ukimya huo umeachwa makusudi, ili mwanafunzi apate nafasi ya kurudia.

Hakuna mwanafunzi chumbani. Yupo fundi mmoja mwenye mvi, na midomo yake inarudia maneno hayo. Mwandishi naye anajikuta anarudia.

"Kila mgeni hufanya hivyo," anasema fundi huku akicheka. "Usione haya. Yeye hajali."

"Yeye" ni mkewe, aliyefariki miaka minne iliyopita.

Wenzake kazini humwita Mkasi, jina alilolipata enzi za kanda, alipokuwa akikata utepe kwa mkasi wa kweli na kuugandisha tena. Siku hizi anakatia kwenye kompyuta, ila kazi ni ile ile: kutengeneza masomo ya kusikiliza ya Kiingereza. Mkewe ndiye aliyekuwa msomaji. Alisoma maneno yakiwa na wenzake: kumwangalia mtu, kumkasirikia, kujivunia, kila neno na kijineno chake cha kuunganishia, kama "at" ya "look at", halafu mimi, wewe, yeye, sisi, mpaka koo likauke.

"Kile Kiingereza maneno yake yanaishi kwa ndoa," anaeleza Mkasi. "Kukasirika kuna mwenzake, kujivunia kuna mwenzake. Ukimpa mmoja mume wa jirani, watu wote wanageuka kukutazama."

Mke alipofariki, ofisi haikutafuta msomaji mwingine. Wanafunzi walikwisha kuizoea sauti ile. Masomo mapya yalipohitajika, Mkasi alichukua neno huku, jingine kule, akayaunga.

"Mara ya kwanza nilishtuka," anasema. "Alitamka kitu ambacho hakuwahi kukisema maisha yake yote. Nikamwambia, mama watoto, nisamehe, hii ni kazi tu. Baadaye nikazoea. Na hapo ndipo nilipoharibu."

Mwaka jana binti yao alifaulu mtihani wa uuguzi. Baba akataka mama naye ampongeze. Akakusudia sentensi fupi ya Kiingereza cha masomo yale: "I am proud of you," yaani najivunia wewe. Mkewe hakuwahi kuirekodi. Aliwahi kujivunia kijana fulani wa kwenye zoezi, kwa hiyo Mkasi akaikata ile nusu ya mwanzo. "You", yaani "wewe", akaitoa kwenye sentensi ya mtu aliyemkasirikia mwenzake. Akaunga, akasafisha, akamtumia binti kwa simu.

"Nilijiambia neno ni neno," anasema. "Mimi mwenyewe, na masikio yangu haya, sikusikia tofauti."

Binti alisikia.

"Mwili wote ulinisisimka," anaeleza kwa simu alipotafutwa na mwandishi. "Mama anasema anajivunia, lakini akifika kwangu, pale kwenye 'wewe', ana hasira. Hasira kabisa. Nimekua nikicheza kwenye sakafu ya chumba kile, masomo yale nayajua kwa moyo. Nilijua mpaka sentensi aliyoikata. Wiki nzima nililala na taa inawaka."

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa baba yake. Akipigiwa simu anasalimia, anaaga.

Mwandishi aliomba kuisikia pongezi hiyo. Ni fupi sana, na mwanzo wake ni mtamu. Neno la mwisho linapotoka ni kama mtu mwingine ameingia chumbani bila kubisha. Mwandishi alitamani kutoka nje, na alitoka.

"Ana haki," anasema Mkasi. "Nilimpelekea mama yake vipande vipande."

Amekataa kumuunga tena mkewe, na ofisi, kwa shingo upande, inatafuta msomaji mpya. Yeye anazipitia rekodi za zamani kwa kuzisikiliza tu. Juzi alikuta kipande ambacho hakukijua. Somo linakatika katikati, mlango unalia, mtoto analia kwa kwikwi. Kisha mwanamke anasema kwa Kiswahili: "Njoo mwanangu, usilie. Mama yupo. Ngoja nimalize, halafu tutaondoka wote."

Anavuta pumzi, anaendelea na somo kama vile hakuna aliyeingia.

Maneno yale ya mwisho, yakitoka kwa marehemu, yanatia baridi. Mkasi hafichi kwamba aliyaogopa.

"Nikikata pale baada ya 'Mama yupo', inabaki tamu tupu," anasema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Ilibidi nisimame, niikimbie mashine."

Mbele ya mwandishi anampigia binti yake, simu ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Nimempata mama yako, anaongea na wewe. Ulikuwa mdogo, unalia."

"Umeunga?"

"Sijaunga."

"Umekata?"

Mkasi anafuta jasho, ingawa chumbani hakuna joto. "Sijakata, mwanangu. Mwishoni kuna maneno yatakuogopesha. Hata mimi yameniogopesha. Nimeyaacha alivyoyasema."

Baba anaitazama simu kuona kama bado iko hewani. Ombi lake ni moja tu, alikwisha kumwambia mwandishi kabla ya kupiga: binti aingie tena nyumbani, hata kama ni kwa kugombana.

"Usinitumie," binti anasema hatimaye. "Sitaki kwenye simu."

"Sawa, mama. Basi."

"Nakuja huko huko, baba. Mwambie anisubiri."