Kichupa Kinachomnyima Sikujua Raha

Saa tatu asubuhi jenereta inakohoa, inatetemeka, kisha inazima. Ndani ya maabara ndogo ya mradi wa utafiti huko Kalangalala, mjini Geita, Sikujua Ngassa anaacha kulisha panya wake weupe na kulikimbilia jokofu.

"Tena!" anafoka, ingawa chumbani hamna mtu. "Jana waliniapia kwamba mafuta yapo."

Anatoa kichupa kidogo kama kidole gumba, anakifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukitia ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu. Anavuka barabara mbio hadi duka la Vijaya, mama yake Jashvant, ambaye jokofu lake la soda hutumia mafuta ya taa.

"Shikamoo, Mama Jashvant."

"Marahaba. Imezima tena?"

"Imezima. Naomba nafasi."

"Weka pale nyuma, wasije wakakiuza. Na huyo daktari wako mwambie anunue jokofu kama hili."

"Nimemwambia mpaka mdomo umekauka."

Sikujua, mjane mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mzaliwa wa Shinyanga vijijini. Kazi yake ni kutunza panya na kuandaa vioo vya darubini. Mradi unataka kujua kama zebaki, ile wanayotumia wachimbaji wadogo kunasia dhahabu, inavuruga ukuaji wa neva za mtoto aliye tumboni. Wanaanza na panya.

Kichupa kile kina kingamwili kutoka ng'ambo. Akiulizwa ni kitu gani, Sikujua hushusha pumzi kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi.

"Mtoto akiwa tumboni, neva zake zinaota, zinatafuta pa kwenda," anasema. "Ipo protini inayoziongoza: wewe pita huku, wewe kule usiende. Kwa macho huioni. Kingamwili hii inaishika protini hiyo kwenye kijusi cha panya, tunaongeza rangi, na pale ilipo panakuwa kahawia. Basi. Si uchawi, na si dawa ya kuua panya, kama wanavyodhani majirani zangu."

Kuipata kumemzeesha. Kichupa cha kwanza kilikwama Mwanza kwenye mizigo ya ndege, kwa sababu karani mmoja aliliona neno "panya" kwenye karatasi na kudai kibali cha mifugo.

"Nikamwambia, ndugu yangu, humu hamna panya. Ni matone ya maji tu. Akasema nirudi na daktari wa mifugo! Nilipompata, barafu ilishakuwa uji na kitu kimekufa."

Cha pili kilifika salama, lakini waliokituma walikosea. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya vifaranga, na protini ya panya hakikuitambua hata kidogo. Sikujua alipaka rangi vioo siku nzima, akachungulia darubini, akaona weupe mtupu. Cha tatu, ndicho hiki, kilipitia barabara zilizochimbwa na mvua za El Nino, naye akiwa amekipakata kama mtoto mchanga.

Hasira yake yote ina chanzo kingine. Binti yake wa pekee, Eufrasia, ameolewa Nyarugusu, kwenye machimbo. Ana mimba yake ya kwanza, na kila jioni alikuwa akimsaidia mumewe kuchoma dhahabu kwenye jiko la mkaa ili zebaki itoke, ndani ya chumba kile kile wanamopikia, mlango ukiwa umefungwa wasionekane. Moshi wa zebaki hauna harufu ya kumtisha mtu.

"Nilisema, nikasema, nikachoka. Ananijibu, 'Mayu, ushahidi uko wapi?' Mama yake mzazi anaulizwa ushahidi!"

Mwezi uliopita ushahidi ulipatikana, au Sikujua alidhani hivyo. Kwenye vijusi vya panya waliokunywa maji safi, rangi ya kahawia ilijipanga mstari mzuri. Kwa wale waliopewa zebaki ilikuwa hafifu, imetawanyika. Alimwita Daktari Bartholomeo, mkuu wa mradi, ambaye alitazama kwa muda mrefu.

"Ni panya, tena wachache," daktari akasema. "Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema mtoto wa binadamu atakuwa hivi."

"Kwa hiyo jasho lote hili ni ili tuseme 'labda'?"

"Kwa kioo hiki, ndiyo, labda. Lakini kwamba moshi wa zebaki ni sumu, hilo lilijulikana kabla yako na kabla yangu. Kamwambie mwanao asisubiri kioo."

Sikujua akaenda Nyarugusu na picha ya kioo hicho mkobani. Eufrasia aliitazama, akaigeuza juu chini, akacheka.

"Mayu, kwani mimi ni panya?"

 Sikujua akaketi pale pale mlangoni, akalia kwa kwikwi mbele ya mkwe wake, bila hata kujifunika uso.

"Hakulia hivyo hata tulipomzika baba," Eufrasia anasimulia sasa, akiwa amekaa uani kwa mama yake huko Kalangalala, akichambua mchele. "Picha sikuielewa. Mama nilimwelewa. Nikafunga nguo zangu siku ile ile."

Mkwe amebaki machimboni. Ametoa kazi ya kuchoma dhahabu jikoni, sasa anachomea nyuma ya nyumba, jambo ambalo bado linamkera Sikujua. "Majirani je, hawavuti pumzi?" anauliza. Ameshamwendea Herman, fundi wa vyuma wa mjini, amtengenezee chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba la kuurudisha mvuke uwe zebaki tena. Kikifanya kazi, atakipeleka mwenyewe kwa wanawake wa Nyarugusu.

Kwanza lakini, kuna mjukuu. Eufrasia anatarajia kujifungua mwezi ujao, na Sikujua ameomba likizo. Jibu bado.

"Nitakuwepo mtoto akitoka," anasema. "Daktari akininyima likizo, panya atawalisha yeye mwenyewe."