Mlingoti wa Ludara Niliouandika Kabla Haujasimama

Mwanangu, umeniletea fomu niweke sahihi, nami nimekumbuka siku nyingine na fomu nyingine, nilipokuwa na umri kama wako na ujuaji kukuzidi. Kaa kwanza. Chai ipo.

Siku hizo mtandao wetu wa intaneti wa jamii hapa Arua ulikuwa mchanga. Tulikuwa na milingoti michache Ediofe na mmoja Ajia, kila mmoja ukipokea mawimbi na kumrushia mwenzake, kazi ya mikono yetu wenyewe. Lakini hatukuwa na anwani zetu za intaneti, zile namba ambazo kompyuta za dunia nzima hukutambua kwazo. Tulijibanza sote nyuma ya namba moja tuliyoazimwa na kampuni ya mjini. Kompyuta ya mtu mmoja ikaingiwa na virusi, ikaanza kusambaza barua za kitapeli, namba ile ikafungiwa, tukakatika wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Kampuni ikatuonya: likitokea tena, inatutoa kabisa.

Basi tukaamua kuomba anwani zetu wenyewe kwenye ofisi inayozigawa kwa bara zima. Ofisi ile huuliza mna milingoti mingapi, iko wapi, na anwani mtazitumiaje. Nikaona yetu ni michache, tutachekwa. Nikaongeza minne ya wilaya ya Koboko, mmojawapo wa Ludara, nyumbani kwa Mama Kiden. Ludara nilikuwa nimefika mara moja tu, nikapima mahali pa mlingoti, nikaahidi kuusimamisha, nikaondoka. Nikajiambia huu si uongo, ni mambo yajayo.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Drani, askari mstaafu asiyejua hata kufungua barua pepe. Nilikuwa na hakika atasaini bila kusoma. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikasimama kwenye Ludara.

"Hii mlingoti iko?"

"Karibu itakuwepo, Mzee."

"Mimi nauliza, iko ama hapana?"

Akarudisha kalamu mfukoni.

"Hapa kwetu mutu nataka shamba, sisi naita jirani, sisi natembea mpaka ya shamba na miguu. Wewe nataka shamba ya intaneti, sawa. Kwenda tembea mpaka. Kila nyumba iko kwa karatasi, mwenyewe naonyesha wewe mlingoti na mkono yake. Halafu mimi nasaini."

Nilimwona mshamba, nisikufiche. Ila bila sahihi yake hakukuwa na ombi, kwa hiyo nikaenda. Ediofe na Ajia watu walinionyesha milingoti yao huku wakinicheka, maana niliisimamisha mimi mwenyewe. Kisha nikapanda boda mpaka Ludara.

Mama Kiden alikuwa mjane aliyekimbia vita Sudan Kusini. Binti yake alibaki Juba, na simu pale kwake ilishika kwa kubahatisha. Aliponiona alifurahi kupita kiasi, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Shamba lake lilikuwa dogo, muhogo umejaa hadi ukutani, isipokuwa mahali pamoja: mraba uliofagiliwa, hauna hata jani. Akaunyooshea mkono, ingawa sikuwa nimemwambia neno la Mzee.

"Mlingoti iko nakuja hapa. Wewe nasema wiki moja. Mimi hapana panda."

Ilikuwa imepita misimu miwili ya mvua. Misimu miwili mjane anapalilia udongo mtupu kwa ajili ya neno langu, na mimi nilishauandika mlingoti wake nikamsahau yeye. Niliona aibu, mwanangu, nikashindwa kuinua macho. Chai aliyonipa sikuweza kuimaliza.

Nilirudi Arua nikaifuta yote minne. Fomu ikabaki fupi, na Mzee Drani akaisaini bila kusema kitu. Ofisi ile ikataka picha na mahali pa kila mlingoti. Nilizituma nikifikiria ingekuwaje wangeitaka picha ya Ludara. Tulipewa fungu dogo kuliko nililoota, likatutosha.

Mlingoti wa kwanza tulioongeza ulisimama ndani ya mraba ule. Mama Kiden alimwona binti yake kwenye kioo cha simu, akalia, kisha nikamsikia akimwambia, "Si mimi nalikuambia? Hawa watu iko nakuja." Kumbe alikuwa akinitetea muda wote huo.

Sasa fomu yako ya kuomba anwani zaidi. Umeandika milingoti kumi na miwili. Mimi naijua tisa. Sikukaripii, maana mwandiko huo ulikuwa wangu kabla ya kuwa wako. Ila usiiandike nyumba ya mtu kabla hujasimama mbele ya mlango wake. Kilichopo kiandike kuwa kipo, ulichoahidi kiandike kuwa umeahidi, na ukishaahidi, rudi. Anwani hizi si zangu wala zako. Ni za watu waliofagia uwanja wakikusubiri, na huenda hata sasa wapo wanaokutetea kwa watoto wao.

Nenda kwenye nyumba hizo tatu kwanza. Mungu akupe miguu isiyochoka, awape wenye nyumba hizo subira nyingine kidogo, na akurudishe kwangu salama. Fomu nitakuwekea hapa mezani.