Sindano nne begani, na hakuna aliyeandika jina la dawa

Wakuu, heshima kwenu. Naanza na wahusika ili lawama isitangetange: walioharibu bega langu la kulia ni mmiliki wa zahanati moja binafsi hapa Msasani, Tukuyu, pamoja na tabibu wake. Sehemu ndogo ya kosa ni yangu, nayo sitaificha.

Mimi ni mstaafu, mtunza masjala serikalini hadi siku nilipokabidhi funguo. Ninayoyaandika nina karatasi zake.

Nilikuwa shambani Kisondela baada ya mvua, nikakata mgomba peke yangu. Desturi yetu ni watu wawili: mmoja akate, mwingine apokee mkungu. Nilijiona bado kijana. Mkungu ulinishukia begani, nikasikia kitu kimeachia ndani.

Hospitali walinieleza vizuri. Kano la bega limechanika, halijakatika. Nipumzike kidogo, nimeze dawa za maumivu, kisha mazoezi tiba kwa wiki kadhaa. Yakishindikana, ndipo lije suala la upasuaji, nao ni safari ya mbali. Dada wa mazoezi tiba alinianzishia siku hiyohiyo.

Mazoezi yale yanauma, wakuu, na matokeo yake huyaoni.

Wiki ya pili jirani akanisifia zahanati ya Msasani.

(Tangu tiba iwe biashara huria, kila mwenye vyumba vitatu na kitanda anapaka rangi ukuta na kuandika "bingwa". Sipingi biashara. Napinga biashara isiyo na kumbukumbu.)

Tabibu hakunigusa bega wala kuniambia niinue mkono. Alichoma sindano. Maumivu yakatulia, nikaacha mazoezi, nikabeba ndoo. Yaliporudi, nami nilirudi. Mara nne, ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Sasa kosa langu. Mgonjwa huku hununua daftari la shule, na humo ndimo tabibu huandika. Mimi, kwa mazoea ya masjala, nilifungua daftari moja la hospitali na jingine la zahanati, kila ofisi na jalada lake. Kwa hiyo hospitali hawakuziona sindano, wala zahanati hawakuyaona mazoezi.

Mke wangu alinikejeli: "Majalada yako yatapona yote, baba. Bega ndilo litabaki hivyo."

Asubuhi moja nilishindwa kuinua mkono nivae shati. Nikarudi kwa yule dada wa mazoezi tiba na madaftari yote mawili. Alisoma, akarudia kusoma.

"Baba, hizi ni sindano za dawa gani? Humu wameandika 'sindano' tu. Zipo ambazo zikirudiwa hivi hudhoofisha kano."

Kipimo cha picha kikaonyesha kano limekatika kabisa. Daktari wa upasuaji anataka kujua nilichomwa nini kabla ya kuamua kama linashoneka. Nikaenda kumuuliza tabibu.

"Mzee wangu, kwani hukupata nafuu?"

Mmiliki naye akasema rejista ya miezi hiyo haionekani.

Funzo: daftari ni moja, liende na mgonjwa kila mahali. Na asichome mtu bila kuandika anachochoma. Aliyewahi kushonwa kano la bega, au kupona kwa mazoezi pekee, naomba aeleze hapa. Nitasoma kila neno.

Kwa mmiliki, ambaye najua hutembelea humu: ndani ya siku kumi na nne nataka kwa maandishi jina la dawa, kiasi chake, tarehe za sindano zote nne, pamoja na jina na sifa za aliyenichoma. Nakala ya dai hili nimeiwasilisha kwa mganga mkuu wa wilaya, na imesainiwa kuwa imepokelewa.