Shaba Iliyochimbuliwa

Kaleli ni fundi wa stima. Ana miaka hamsini na sita na anaishi Landless, Thika, pamoja na mkewe Mutheu. Kazi aliijulia kiwandani, akianza kwa kumbebea fundi mkuu ngazi, na kiwanda kilipopunguza watu akaanza kutia stima manyumbani. Wakati huo kule Mugutha kahawa ilikuwa ikikatwa na ghorofa zinapanda, na fundi mwenye leseni hakukosa pa kwenda. Alivuta nyaya katika majumba arobaini na moja ya kupangisha, na anayakumbuka yote.

Wenzake walimjua kwa jambo moja. Hakufunga sanduku la mita kabla hajagongomea fimbo ya shaba ardhini nyuma ya jumba, ikabaki kichwa tu, na kuiunganisha na waya wa kijani unaotoka kila chumba. Stima ikivuja kwenye friji au shawa, inashuka kwa waya huo hadi ardhini badala ya kumpitia mtu. Ndani aliweka kiswichi kinachozima jumba zima kikihisi stima imevuja. Wenye ploti, waliojenga majumba hayo, walimwona anapoteza wakati.

Mwaka jana, asubuhi moja ya mwezi wa saba, Macharia, keyateka anayeangalia jumba moja la Mugutha, alimpigia simu.

"Fundi, kuja. Kuna msichana ameanguka bafuni. Ni stima."

Kaleli alipofika, msichana alikuwa ameshapelekwa hospitali, na habari zilikuwa zimerudi kwamba hakufika akiwa hai. Aliitwa Beth. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alifanya kazi katika duka la dawa. Jirani yake Wamboi ndiye aliyemsikia akianguka. Walivunja mlango na Macharia, na Wamboi alipotaka kufunga bomba likamrusha nyuma. Ndipo Macharia akakimbia kuzima stima ya jumba zima.

Kaleli aliifungua ile shawa ya kuchemsha maji akaipima. Akaipima tena.

"Shawa ni nzima," alisema.

"Sasa imemuua namna gani?" Macharia akauliza.

Kaleli alishuka nyuma ya jumba, pale alipogongomea fimbo miaka tisa iliyopita. Palikuwa na shimo. Fimbo ilikuwa imeng'olewa, waya umekatwa kwa koleo, na nyasi zilikuwa zimeota ndani ya shimo. Shaba ina wanunuzi. Walioichukua walikuwa wameondoka miezi mingi iliyopita.

Alianza kupima chumba kwa chumba. Chini kabisa, nyumba ya pili kutoka getini, alikuta friji kuukuu ambayo stima yake ilikuwa imeingia kwenye bati. Stima hiyo ilifuata waya wa kijani ikitafuta ardhi, ikakosa, ikasambaa kwa kila chuma kilichoungwa na waya huo, hadi ghorofa ya tatu, ambako Beth alikuwa amesimama na miguu majini. Na katika sanduku la mita, kile kiswichi hakikuwepo. Nyaya zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja.

"Nani alitoa?"

"Ilikuwa inazima kila saa," Macharia akasema. "Wapangaji walikuwa wananisumbua. Mwenye ploti akaniambia nitafute mtu aitoe."

"Ilikuwa inazima kwa sababu ya hiyo friji."

Macharia alikaa kwenye ngazi. "Mimi sikujua, mzee."

"Najua hukujua."

Hilo ndilo lililomkaa Kaleli moyoni. Fimbo ilipong'olewa taa ziliendelea kuwaka, televisheni zikaendelea kuonyesha, nguo zikapigwa pasi. Hakuna aliyekosa kitu.

Polisi walimwita aandikishe maelezo, kwa kuwa cheti cha jumba kilikuwa na sahihi yake.

"Ni wewe uliweka hiyo fimbo?" afisa akamuuliza.

"Niliiweka."

"Na sasa haiko."

"Haiko."

"Iliibwa na nani?"

"Sijui."

Afisa aliandika, akafunga faili, akamwambia aende. Hakuitwa tena, na hakusikia mtu mwingine akiitwa. Mwenye ploti alisema atashughulikia.

Baada ya mazishi Kaleli alikwenda Makongeni kumwona mama yake Beth. Mutheu alimwambia asiende, kwamba watu wa msiba wanaweza kumgeuka, lakini akaenda. Mama alimpa kiti na chai.

"Ni wewe uliweka stima kwa ile nyumba?"

"Ni mimi, mama."

Alitarajia alaumiwe. Mama akauliza, "Alisikia uchungu?"

Kaleli amepigwa na stima mara nne maishani. Anajua jinsi mkono unavyokaza na kukataa kuachilia, na jinsi mtu anavyotaka kupiga kelele na sauti isitoke.

"Ilikuwa haraka, mama," alisema.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa, anachukua kifaa chake cha kupimia anakwenda Mugutha kukagua majumba aliyoyatia stima. Kati ya kumi na manane ya kwanza, kumi na moja hayakuwa na fimbo. Mawili alirudishia kwa shaba yake mwenyewe. Fimbo moja iling'olewa tena kabla mwezi haujaisha, ingawa alikuwa ameimwagia zege. Keyateka wengine humfungia geti. Mwenye ploti mmoja alimuuliza kwa simu kama anatafuta kazi. Katika ofisi ya stima alikokwenda kuripoti waliandika majina ya majumba, wakamwambia mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuja.

"Baba Musembi, hutayamaliza," Mutheu alimwambia.

"Najua."

Jumapili iliyopita aliingia jumba la ishirini na tatu. Nyuma palikuwa na shimo. Alimkuta mama mmoja akianika nguo, akamweleza polepole, akamwonyesha na shimo lenyewe. Mama alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hivyo tuoge maji baridi?"

"Kwa sasa ndiyo, mama. Mpaka mwenye ploti arudishe fimbo."

"Na akikataa?"

Kaleli alifunga kifaa chake cha kupimia. Mama akamshukuru, akabeba beseni lake, akapanda juu.

Kaleli alikuwa getini aliposikia sauti ya yule mama kutoka ghorofa ya pili ikimwita mtoto akaoge haraka, maji yameshapata moto. Kisha maji yakaanza kumwagika. Kaleli alisimama pale, mkono kwenye chuma cha geti, akisikiliza. Maji yalimwagika muda mrefu. Yalipofungwa hakuondoka. Alingoja mpaka akamsikia mtoto akilalamika kwamba taulo limelowa, ndipo akashika njia.